Choo Kimezinduliwa, Sabuni Je?



Mada ya leo ni choo. Nasema mapema ili aliye mezani amalize chai yake, maana kwetu anayetaka kulitaja jambo hili mbele za watu huanza na "mniwie radhi". Leo siombi radhi. Nazungumzia choo cha shule ya msingi, kile kilicho nyuma ya madarasa karibu na shamba la shule, na maji yanayotakiwa kuwapo pale, na sabuni ambayo mara nyingi haipo.

Ukihudhuria sherehe ya shule yoyote utasikia risala ikisomwa. Risala ina mtiririko wake: idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu, mafanikio, halafu changamoto. Kwenye changamoto haukosekani mstari huu: "Mheshimiwa mgeni rasmi, shule yetu ina upungufu wa matundu 14 ya vyoo." Mwalimu mkuu hakulibuni jambo hilo. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Jirani zetu wa Kenya wameweka 25 na 30. Mwalimu amegawanya, ametoa, amepata 14. Mgeni rasmi anaandika. Mambo yakienda vizuri, baada ya mwaka mmoja au miwili fedha zinakuja, mafundi wanajenga, ukuta unapakwa rangi, utepe unakatwa. Pengine na Mwenge wa Uhuru unapita kuzindua.

Sasa nenda kwenye shule ya namna hiyo mwezi wa Septemba, kiangazi kimekaza. Matundu mawili yamefungwa kufuli, ni ya walimu na wageni. Mlango mmoja umeng'oka bawaba na umeegeshwa ukutani. Masinki mawili yameziba kwa karatasi za daftari. Koki zimepangwa vizuri, mpya, na hazitoi hata tone. Sabuni usiulize. Lakini kwenye takwimu za halmashauri matundu yote 14 yamo, na upungufu umefutwa.

Ugomvi wangu uko hapo. Tumezoea kuhesabu kilichojengwa, na hesabu hiyo inatupa amani tusiyostahili. Mtoto hakingwi na ukuta. Anakingwa na maji na sabuni vilivyopo leo, Jumatatu ijayo na wiki ya mtihani wa darasa la saba, na vitu hivyo viwili ndivyo ambavyo hatujavitengea fungu.

Nisionekane najua kulaumu tu. Nchi hii ina historia nzuri katika jambo hili, na sehemu ya historia hiyo ni ya redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mnaikumbuka. Watu walikusanyika kwa vikundi wakiwa na redio moja, kitabu na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana na kukubaliana la kufanya kabla ya wiki iliyofuata. Walijifunza habari za malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Watu wazima takriban milioni 2 walishiriki, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hapakuwa na intaneti wala mabango ya barabarani. Kilichofanya kazi ni ule utaratibu wa kurudi kila wiki na kuulizana: je, lile tulilosema tumelifanya? Swali hilo la kila wiki ndilo tulilolipoteza njiani.

Halafu watoto wakaongezeka shuleni, na hilo ni jambo la kujivunia. Elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, kisha ada kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, kisha elimu bila malipo Januari 2016. Mwaka 2015 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 8. Kufikia 2020 walishapita milioni 10. Kila wimbi lilipokuja, kilio cha kwanza kilikuwa madarasa, cha pili madawati, cha tatu walimu. Choo kilikuja mwisho, kama kilikuja.

Mwaka 2009 mashirika ya SNV, WaterAid na UNICEF yalishirikiana na serikali kukagua shule zaidi ya 2,600 katika wilaya 16. Waliyoyakuta yanahuzunisha. Shule zilizofikia kiwango cha matundu zilikuwa asilimia 11 tu. Katika kila shule 5, moja ilikuwa na watoto zaidi ya 100 kwa tundu moja. Zaidi ya nusu ya vyoo vya wasichana havikuwa na milango. Asilimia 92 ya shule hazikuwa na sehemu ya kunawa mikono inayofanya kazi, na asilimia 99 hazikuwa na sabuni. Asilimia 99, msikilizaji.

Miaka mingi imepita tangu ukaguzi huo, na mengi yamebadilika. Ukatolewa mwongozo wa taifa wa maji, vyoo na usafi shuleni. Mwaka 2019 ikaanzishwa RUWASA kushughulikia maji vijijini. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000. Kampeni ya Nyumba ni Choo ikaingia mitaani na sauti ya msanii Mrisho Mpoto. Anayesema hakuna kilichofanyika anadanganya. Ila kilichofanyika kwa wingi ni ujenzi.

Wala Tanzania haiko peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2021 watoto wapatao milioni 546 duniani walisoma katika shule zisizo na huduma ya msingi ya maji ya kunywa, na milioni 802 katika shule zisizo na mahali pa kunawa kwa maji na sabuni. Ukilinganisha namba hizo mbili utaona kwamba hata dunia nzima inaona ni rahisi kuchimba kisima kuliko kuhakikisha sabuni iko mahali pake.

Sasa niwapeleke Nyanza, magharibi mwa Kenya, kwa sababu huko ulifanyika utafiti ambao kila mtu anayejenga vyoo vya shule angepaswa kuujua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Watafiti walichukua shule za msingi wakazigawa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa mafunzo ya usafi na dawa ya kutibu maji. Nyingine zilipewa hayo yote pamoja na vyoo vipya. Nyingine zikasubiri. Baadaye wakapima mikono ya watoto, wakitafuta vimelea vitokanavyo na kinyesi.

Wewe ungetegemea nini? Waliopewa kila kitu, pamoja na vyoo vipya, wawe na mikono misafi kuliko wote. Haikuwa hivyo. Wasichana wa shule zilizojengewa vyoo vipya walikutwa na vimelea mikononi mara nyingi zaidi kuliko wasichana wa shule ambazo hazikupewa chochote. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: vyoo vipya viliwavutia watoto, waliokuwa wakienda vichakani au wakijizuia mpaka wafike nyumbani wakaanza kuvitumia. Lakini mle hamkuwa na karatasi wala maji ya kutawazia, na nje hapakuwa na sabuni. Kujisaidia kuliongezeka, kunawa hakukuongezeka.

Nawaomba hapo mtulie kidogo. Utafiti huo hausemi tusijenge vyoo. Unasema ukijenga choo ukaishia hapo, unaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko ulipomkuta. Katika kazi ileile ya Nyanza, kwenye baadhi ya maeneo, shule zilizopata mafunzo ya usafi na maji yaliyotibiwa ziliona utoro wa wasichana ukipungua sana, ingawa kwa wavulana haikuonekana tofauti. Hapo kazi ilifanywa na mafunzo na maji yaliyotibiwa, bila saruji mpya.

Tuje kwenye maji yenyewe. Wengi wetu tulisoma shule ambako kila asubuhi unakwenda na kidumu cha maji na ufagio wa chelewa. Asiye na kidumu anapangwa mstari wa pembeni na mwalimu wa zamu anajua la kumfanya. Kidumu kile hakijafa, kipo mpaka leo katika shule nyingi. Maji yake yametoka kisimani, mtoni au kwenye lambo, yamebebwa na mtoto wa miaka minane, yamemiminwa kwenye pipa moja na maji ya wenzake mia tano, na hakuna ajuaye yametoka wapi. Baada ya kumwagilia maua ya mbele ya ofisi, yanayobaki ndiyo ya chooni. Maua hayakosi maji, maana mgeni huyaona kwanza.

Watu wengi wenye nia njema, wakitaka kusaidia, hununua simtanki. Na mimi nimewahi kupiga makofi simtanki ikikabidhiwa. Lakini hebu tupige hesabu, kalamu ziko mkononi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema shule ya kutwa inahitaji lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kunawa, bila kuhesabu maji ya kumwaga chooni. Shule ya watoto 600 inahitaji lita 3,000 kila siku ya masomo. Simtanki ya lita 5,000 imekwisha kabla ya siku ya pili kuisha.

Vipi kuhusu mvua? Milimita moja ya mvua juu ya paa la meta moja ya mraba ni lita moja. Chukua Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 550, na jengo la madarasa lenye paa la meta za mraba 200. Paa hilo linapokea lita 110,000. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, unabaki na lita 88,000. Kwa matumizi ya lita 3,000 kwa siku, hayo ni maji ya siku 29, na mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194. Tena mvua ya Dodoma inaanguka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Mwezi wa Februari tanki linafurika na maji yanakwenda shambani, mwezi wa Agosti ukiligonga linalia kama ngoma.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili unaonipa moyo. Tukiacha kutaka maji ya paa yafanye kila kazi, tukayaweka kwa ajili ya kunawa mikono tu, nusu lita kwa mtoto kwa siku, watoto 600 wanahitaji lita 300. Paa lilelile moja linatosha mwaka mzima na chenji inabaki. Kikwazo kinakuwa mahali pa kuyahifadhi: kuvuka miezi ya kiangazi unahitaji tangi la kama lita 33,000. Hilo si simtanki, ni tangi la kuchimbiwa chini na kujengwa kwa mawe na saruji, kazi ambayo mafundi wetu wa kata wanaiweza. Mfadhili halipendi sana kwa sababu halionekani kwenye picha.

Na hayo maji tunayosema ni safi, tunayapima kwa jicho. Maji ya bomba au kisima kirefu yakiwa meupe tunayaamini. Waulizeni watu wa Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Maji yao yanameremeta, lakini yana madini ya floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano, na watoto wamekua meno yakiwa ya kahawia. Yakizidi sana, mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali mpaka 4, kwa sababu kushusha kiwango wakati huo kungekuwa kufunga visima vya watu wengi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na jambo hili miaka na miaka, na dawa yake mojawapo ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inayonasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Kichujio hicho nacho huchoka, lazima mifupa ibadilishwe. Kwa hiyo tumerudi palepale: nani atakuja kubadilisha, lini, na kwa fedha ya nani?

Nina neno kuhusu aina ya choo. Siku hizi kila shule inataka sinki la kuchuchumaa la kumwaga maji, kwa sababu linapendeza na halitoi harufu. Sawa, kama maji yapo. Sinki lina mkunjo chini yake unaoshika maji ili kuzuia harufu. Mtoto akikosa maji atatumia karatasi ya daftari, majani au gunzi la mahindi, na mkunjo unaziba siku hiyohiyo. Mahali pakavu, choo cha shimo kilichojengwa vizuri ni bora mara kumi. Wazimbabwe waliliona hilo mapema miaka ya 1970 walipotengeneza choo cha Blair: ndani kuna giza, bomba refu la hewa linapanda juu ya paa, na mdomo wa bomba umefunikwa wavu. Hewa inavuta harufu juu, nzi wanafuata mwanga wa bomba, wananaswa na wavu wanafia hapo. Hakihitaji tone la maji. Kinahitaji mtu wa kuangalia kama wavu haujatoboka.

Na tundu lenyewe lipimwe kwa mtumiaji. Mtoto wa darasa la awali ana miaka mitano. Tundu la mtu mzima kwake ni shimo la kuogofya, na ana haki ya kuogopa. Januari 2014 mtoto wa umri huo alitumbukia katika choo cha shule huko Limpopo, Afrika Kusini, akafa. Nchi ile ililia, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2018 Rais Ramaphosa akazindua mpango wa kuondoa vyoo vya namna hiyo mashuleni. Sisi tusisubiri kesi.

Wasichana. Kwao choo kisicho na mlango si usumbufu, ni sababu ya kubaki nyumbani. Anayekuwa kwenye siku zake anahitaji chumba kinachofungwa kwa ndani, maji humohumo, na mahali pa kutupa au kuchoma taulo. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha ikisema bei haikushuka dukani. Kenya iliondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi sodo bure. Mjadala wa taulo umekuwa mkubwa, na ni mzuri. Lakini taulo ya bure mkononi mwa msichana ambaye choo chao hakina mlango wala maji itamsaidia mpaka saa ngapi?

Kuna desturi nyingine tunayoilea wenyewe. Mtoto kachelewa namba: kasafishe choo. Kapiga kelele darasani: kasafishe choo. Tumekifanya choo kuwa jela ya shule, kisha tunashangaa watoto hawakipendi wala hawakitunzi. Usafi wa choo ungekuwa kazi ya zamu kwa darasa zima, na kazi nzito, ya kudeki kwa dawa, ingefanywa na mtu mzima anayelipwa, mwenye glovu na buti. Kumpa mtoto wa darasa la tatu fagio aingie chooni peku ni kumpeleka kwenye minyoo, halafu mwisho wa mwaka tunampanga foleni ameze dawa ya minyoo.

Tufike kwenye fedha, ambako mazungumzo haya mara nyingi huzimika. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho ni kilekile cha enzi za MMEM, wakati ambapo shilingi 10,000 zilikaribia dola 10. Kati yake, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni. Hizo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 600 inapata 300,000 kwa mwezi, na ndani yake kuna chaki, mitihani, matengenezo, michezo na karatasi za ofisi. Tuseme shule ina bomba la mamlaka ya maji na inatumia lita 3,000 kwa siku. Kwa siku 20 za masomo ni uniti 60. Tuseme uniti ni shilingi 1,500: bili ni 90,000. Karibu theluthi ya ruzuku imekwenda kabla hujanunua sabuni wala kumlipa msafishaji. Mwalimu mkuu akiambiwa achague kati ya karatasi za mtihani na bili ya maji, atachagua mtihani, kwa sababu matokeo ya mtihani ndiyo yatakayomwita kwa mkurugenzi. Bili inalala, maji yanakatwa.

Zamani pengo hilo lilizibwa na michango ya wazazi: ya mlinzi, ya maji, ya uji. Michango ilikuwa na uonevu wake, watoto walirudishwa nyumbani, na Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku. Wengi tulifurahi. Lakini fungu lililokuwa likilipia maji liliondoka na halikuja jingine mahali pake. Tangu hapo mwalimu mkuu ndiye anayebeba lawama ya kitu asicho na uwezo nacho. Mimi simlaumu.

Nini basi kinawezekana kwa fedha kidogo? Kunawa mikono ni jambo la bei rahisi kuliko tunavyofikiri. Wakati wa korona nchi nzima ilijifunza kibuyu chirizi, ubunifu uliotoka hukohuko Zimbabwe: dumu dogo linaning'inia kwenye mti, kamba, kipande cha mti cha kukanyaga, maji yanachirizika kidogo kidogo na mkono haugusi kitu. Mche wa sabuni ukiuweka wazi shuleni hauimalizi siku. Panya, kunguru au mtoto mmoja mjanja atauchukua. Katika shule za Kenya ilijaribiwa njia nyepesi: vijiko vichache vya sabuni ya unga vinakorogwa katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kinatobolewa tundu dogo, chupa inafungwa kwa kamba. Hakuna wa kuiiba, na paketi moja ndogo inakwenda siku kadhaa. Ila dumu lazima lijazwe kila asubuhi na chupa ikorogwe upya. Korona ilipopungua, vibuyu vingi vilibaki na kamba tu, kwa sababu agizo la kuvitundika lilitolewa na agizo la kuvijaza halikutolewa.

Na msiseme maji hakuna kabisa. Kongwa, Dodoma, eneo lililosumbuliwa na ugonjwa wa vikope vizazi na vizazi, watafiti wamefanya kazi tangu miaka ya 1980. Vikope huambukizwa kwa mikono, kanga na nzi wanaotua kwenye macho machafu ya watoto. Ugonjwa ukirudia rudia, kope huingia ndani na kulikwangua jicho mpaka linapofuka. Watafiti waligundua kwamba wazazi wengi walidhani kuosha uso wa mtoto kunakula maji mengi, maji ambayo mama ameyafuata mbali. Kumbe kiasi kidogo tu kinaosha nyuso za watoto wengi. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa dawa ikiambatana na kuosha uso hupunguza vikope vikali kuliko dawa peke yake. Mwalimu anayesimama asubuhi mstarini na kukagua nyuso, kwa upole, bila kiboko, anafanya kazi ya daktari wa macho.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza mwaka huu wa fedha. Kwenye ubao wa matangazo wa kila shule, pale panapobandikwa mapato na matumizi ya ruzuku, pabandikwe karatasi moja zaidi: siku ambazo maji yalikuwapo chooni mwezi huu, na siku ambazo sabuni ilikuwapo. Ijazwe na viranja wa afya wakisimamiwa na mwalimu wa afya, isijazwe na mkandarasi wala ofisi ya wilaya. Afisa elimu kata akipita aione. Halmashauri inapoandika kwenye taarifa yake "matundu 14", iandike na siku hizo pembeni. Na bajeti inapotengwa kujenga choo, itengwe papo hapo fedha ya kukiendesha kwa mwaka, ndani ya mapato ya ndani ya halmashauri, iwe na mstari wake unaosomeka.

Madiwani mnaonisikiliza, bajeti hupita mikononi mwenu kabla ya Julai mosi. Mstari huo mnaweza kuudai nyinyi, hausubiri bunge. Na wewe mzazi, mkutano wa shule ukiitwa, usiishie kuuliza matokeo na nani mwenyekiti mpya wa kamati. Nenda wakati wa mapumziko, saa nne hivi, watoto wakiwa nje. Mwombe mwalimu wa kike akupeleke kwenye choo cha wasichana, ufungue koki kwa mkono wako mwenyewe, utafute sabuni. Ukivikosa, simama mkutanoni useme, na msitoke hapo mpaka muwe mmeandika jina la mtu atakayevileta na siku atakayovileta.